Aliyesema Nakuja kwa Malango Mawili

Jua lilipogoma saa nane mchana, watu wa mji ule walitafuta mtu wa kumlaumu, na hawakuhangaika sana kumpata. Alikuwa kwenye baraza ya duka la cherehani la mjomba wake, msichana wa miaka kumi na tisa, mkoba begani, magoti yamebanana, amekikodolea macho kivuli chake kilichokataa kurefuka. Jina lake Sikudhani. Na kama unategemea nikufiche kilichotokea ili nikutie hamu, pole, mimi si msimulizi wa namna hiyo. Mambo ya kufichaficha yananipandisha presha. Nakwambia sasa hivi: Sikudhani alichaguliwa na vyuo vikuu viwili, vyote vizuri, akaviambia vyote viwili neno moja, na neno hilo ndilo lililoisimamisha siku.

Mji wenyewe hauna jina, usinisumbue kuuliza. Una barabara moja inayopanda na moja inayoshuka. Inayopanda inaishia Nyumba ya Dirisha, inayoshuka inaishia Nyumba ya Meza, na hivyo ndivyo vyuo vyake viwili. Madaktari wa Dirisha wanaponya, madaktari wa Meza wanaponya. Madaraja ya hawa yamesimama, na ya wale yamesimama. Ukitaka ugomvi na mtu wa mji ule, muulize kipi bora. Halafu kuna jambo la miaka. Kule miaka haipangi foleni kama huku kwetu. Aliyekwisha kuwa na ambaye bado hajawa wanapishana njiani, wanasalimiana, kila mtu na shughuli zake. Si ajabu kumkuta bibi kizee akifokeana na yeye mwenyewe wa miaka ishirini juu ya nani aliyemaliza sukari. Wamezoea. Kukutana na utakayekuwa hakumtishi mtu. Kinachowatisha ni kukutana nao wawili, tofauti kabisa, wote ni wewe, na wote wazima wa afya.

Barua zilifika asubuhi moja, kwa mkono mmoja, bahasha mbili rangi moja. Sikudhani alizisoma, akazisoma tena, akampelekea Mjomba Shomari. Huyu ni kaka wa mama yake, fundi cherehani, ndiye aliyemlea, na siku hiyo jino lilikuwa likimuuma mpaka jicho moja limefumba.

"Zote mbili zimekubali?" akauliza.

"Zote mbili."

"Sasa unalia nini?"

"Silii, mjomba. Natetemeka tu."

"Nenda kavione vyote. Mimi simkatii mtu nguo sijamwona amesimama. Na uwahi, saa tisa nina ahadi na mng'oa meno."

Akaanza na barabara inayopanda. Langoni mwa Nyumba ya Dirisha alikaa Bwana Chande, mzee mnyoofu mwenye daftari kubwa mapajani, akamwandika kuwa mgeni, akampa chumba. Chumba kilikuwa na benchi moja na dirisha moja, basi. Kule hufundishwi mpaka ubishe mlango wa mwalimu ukiwa na swali, tena liwe lako, si la kuokota. Wanafunzi walikuwapo kwa mamia, lakini ungeweza kuisikia kalamu ya jirani ikifikia mwisho wa mstari. Dirisha la Sikudhani lilitazama uani, ambako palikuwa na tangi la maji linalovuja. Hakuna kingine. Akalitazama tangi. Mtume! Alichoka mpaka akahisi kuwashwa ngozi. Akahesabu matone, akapoteza hesabu, akaogopa, kwa sababu hakuwahi kukaa peke yake na kichwa chake kwa muda mrefu namna ile, na kichwa kilikuwa kikubwa kuliko alivyofikiri. Huko ndani, baada ya uchovu kuisha wenyewe, likamjia swali, taratibu, wala halikubisha hodi. Ninapochagua, nani anachagua? Huyu wa leo asiyejua kitu, au yule wa kesho atakayeyaishi maisha hayo? Na kama ni wa leo, nani kampa ruhusa ya kumwamulia mtu mzima?

Akatoka kwenda kutafuta maji ya kunywa, na kwenye ukumbi akakutana na mwanamke wa miaka arobaini hivi, peku, kitabu kwapani, ana alama ileile ya kuzaliwa chini ya kidevu.

"Shikamoo," akasema Sikudhani, maana adabu ni adabu.

"Marahaba. Ala! Unaniamkia mimi?" Mwanamke akacheka bila sauti. "Haya, uliza unachotaka kuuliza, najua unataka."

"Una furaha?"

"Ninayo."

"Kweli?"

"Nikudanganye wewe, nitamwambia nani ukweli?"

Sikudhani akashukuru, akatoka mbiombio. Bwana Chande akamwita kutoka nyuma, "Binti! Viatu!" Alikuwa amevisahau chini ya benchi. Akarudi, akavaa, akasema kama anavyosema kila mtu aliyelelewa vizuri anapoondoka mahali: "Haya, Bwana Chande, nakuja."

Sasa hapo ndipo nitakapokuomba unisikilize vizuri. Wewe na mimi tunalijua neno hilo. Mtu akiinuka barazani katikati ya mazungumzo, akajikung'uta kanga akasema "nakuja", tunajua anakwenda. Anaweza kurudi baada ya dakika tano, anaweza kurudi Idi ijayo, anaweza asirudi kabisa, na hakuna atakayemwita mwongo. Kwetu kuondoka bila kusema unakuja ni kama kuwapa watu mgongo. Lakini walinzi wa malango ya mji ule wamekatazwa kusikia kinachomaanishwa. Wanaandika kilichosemwa. Bwana Chande akalowesha ncha ya kalamu ulimini, akaandika: Sikudhani. Anakuja. Na chumbani kule wakaingiza kitanda, wakakitandika.

Akashuka Nyumba ya Meza. Langoni alikuwa Mama Sauda, mnene, mcheshi, naye na daftari lake. Huku hakuna vyumba. Kuna meza moja, ndefu mpaka mwisho wake hauonekani, na watu wote wamekaa hapo, walimu kwa wanafunzi, wanasoma kwa kubishana, maharage yanapita juu ya vitabu, mtu anakukatiza kauli na kukupa chapati kwa mkono huohuo. Wakamsogezea nafasi bila kumuuliza jina. Kijana mmoja akamtupia swali, "Kipi kilianza, swali au jibu?" Na Sikudhani, ambaye maisha yake yote shuleni aliitwa mpole, akafungua kinywa akajibu, "Lilianza jibu, ndiyo maana sote tuko hapa tunalitafutia swali lake." Meza ikalipuka. Wakagonga sahani. Kijana akasimama akampa mkono. Baada ya hapo haikupita dakika bila mtu kusema "hebu msikilizeni huyu", naye akasema, akasema, maneno yakimtoka mazuri, mengine akiyasikia kwa mara ya kwanza yeye mwenyewe. Alikaa hapo saa tatu nzima. Alipendwa, na alipenda kupendwa, na sioni aibu kukwambia hivyo, kwani nani asiyependa?

Yule mwingine akatokea upande wa pili wa meza. Miaka arobaini hivi, alama chini ya kidevu, kilemba kimekaa upande, mkoba begani, anafundisha watu sita kwa wakati mmoja na kuwacheka wote. Safari hii Sikudhani hakungoja.

"Una furaha?"

"Tele! Huoni? Nikuongezee maharage?"

Hapo ndipo hofu ilipomwingia hasa. Alikuwa ametegemea mmoja wao awe na jambo. Awe na kikohozi cha huzuni, awe na macho ya kujuta, hata chembe, ili amwonee huruma na kumkimbia. Wote wawili walikuwa sawasawa. Akaaga kwa haraka, jasho linamtoka, na langoni ulimi ukafanya kazi yake bila kumuuliza. "Mama Sauda, nakuja."

Mama Sauda akaandika.

Na jua likasimama.

Mwanzoni watu hawakutambua. Halafu mama mmoja akaona mchuzi umekaukia jikoni na saa bado ni ileile. Walimu wa shule ya msingi wakaendelea na kipindi cha hesabu, kikarudiwa tena, na tena, watoto wakaanza kulia kwa pamoja. Kulikuwa na harusi ya saa kumi. Bibi harusi alikaa chumbani na wanja wake, wanja ukachuruzika, wakampaka tena. Muadhini alipanda, akatazama, akashuka, akapanda, akatazama, akashuka, alasiri haikuingia. Ndipo walipomwona barazani yule msichana aliyeitwa na vyuo viwili, na kivuli kisichorefuka, wakajua.

"We binti, hebu amua watu tuendelee!"

"Vyote vizuri, chukua chochote, kwani kuna kipi!"

"Wenzio wanakosa hata kimoja, wewe unaringa na viwili!"

Hili la mwisho lilimuuma sana, kwa sababu lilikuwa kweli, na kwa sababu ukweli wake haukumsaidia kitu. Aliona aibu ya kuteseka kwa jambo la heri. Angekuwa na msiba angejua pa kuulilia. Alikuwa na neema mbili zimembana mbavu huku na huku, nani amwendee amwambie pole?

Wakafika walinzi wote wawili, mmoja kutoka juu na mwingine kutoka chini, kila mtu na daftari lake kifuani. Hawakuwa wakali. Walikuwa na wasiwasi kama yeye.

"Jina haliwezi kulala vitabu viwili," akasema Bwana Chande. "Vinaligombania. Kwangu linaliwa mwanzo." Akafungua, akamwonyesha. Herufi za mbele zilikuwa zimeliwa mpaka kwenye karatasi nyeupe, imebaki Kudhani.

"Langu linaliwa mwisho," akasema Mama Sauda. Kwake imebaki Siku.

Sikudhani akatazama. Kwa huyu amekuwa mtu wa kudhani tu, anadhani, anadhani, mpaka kiama. Kwa yule amekuwa siku moja, tena hii hii isiyokwisha. "Na likiisha?" akauliza.

"Likiisha hatutakuwa nalo," akasema Mama Sauda, "wala mwingine yeyote. Utakosa kwetu na utakosa kwake, na hata mjomba wako atakuita halafu asijue alikuwa anamwita nani. Ndiyo desturi, mwanangu, sikuitunga mimi. Inabidi mmoja wetu aambiwe siji."

"Nikikwambia wewe hapa?"

"Siji haiandikwi langoni. Unaingia, unamwambia mwenyewe. Yule anayekungoja."

Wakaondoka. Ndani ya duka Mjomba Shomari akaita, "Siku... Kudha... we! Njoo hapa!" na sauti yake ikatetemeka kwa kutolipata jina alilolitamka miaka kumi na tisa.

Sikudhani hakuinuka mara moja. Kichwani mwake mambo yalikuwa vipande vipande. Nikienda juu, yule wa chini anakufa. Hafi, hakuwahi kuwapo. Alinipa maharage, vipi hakuwapo. Nikienda chini, yule peku anakufa. Wote walisema wana furaha. Kwa hiyo furaha haichagui. Heshima je? Zinalingana. Mjomba anataka nini? Mjomba anataka kung'olewa jino. Nani anachagua. Nani kampa ruhusa. Nikitupa shilingi juu itabaki juu, kwa siku hii ilivyo. Ningefeli mtihani. Ee Mungu, ningefeli kimoja tu. Nadhani, sidhani, nadhani. Herufi ngapi sasa.

"Nimekuita," akasema mjomba, akiwa amesimama mlangoni, shavu limevimba.

Sasa nikwambie kuhusu mjomba huyu kazini. Hakuamini kioo. Dukani kwake hapakuwa na kioo hata cha kunyolea ndevu. Mteja akivaa nguo mpya, Shomari alimwambia inua mikono, chuchumaa, inuka. Kisha alianza kumpigisha soga, habari za nyumbani, habari za jirani na kuku wake, huku macho yake yako kwenye mikono ya mteja tu. Mkono ukienda kwapani kuvuta, au kiunoni kushusha, nguo haijamkaa, hata mteja aape kwa mama yake kwamba imemkaa. Anaivua, anaifumua. Na neno ni hilohilo, jamani, sisi hatuna jingine: kukaa kitini, kukaa mjini, na nguo kukukaa. Mji mzima ulikuwa ukimpigia kelele Sikudhani utakaa wapi, utakaa wapi. Hakuna hata mmoja aliyemuuliza kipi kimemkaa.

"Simama hapo," mjomba akasema. "Inua mikono. Shusha. Haya, nipe habari za kule juu. Wanakula nini?"

"Mjomba, sina hamu ya soga."

"Mimi nina jino na nasogoa. Wanakula nini?"

"Sijui. Sikula. Kule kimya, mjomba, unasikia tumbo lako mwenyewe. Niliogopa. Nilichoka kulitazama tangi la maji, nikataka kukimbia. Halafu likanijia swali moja, na bado ninalo mpaka sasa, haliniachi." Akalisimulia lile swali, polepole, akijikosoa, akirudi nyuma, akianza upya. Mikono ilikuwa imening'inia.

"Ukaondoka vizuri?"

"Nilisahau viatu."

"Ulivivua saa ngapi?"

Akafikiri. "Sikumbuki kuvivua."

"Mm. Na huko chini?"

Uso wa Sikudhani ukachangamka. Akamwigiza yule kijana, akamwigiza Mama Sauda, akalirudia lile jibu lake na jinsi sahani zilivyogongwa. Hata mjomba akacheka, akashika shavu kwa maumivu. Kisha akanyanyua kidole.

"Mkono."

"Mkono umefanya nini?"

"Tangu uanze habari za Meza umevuta mkanda wa mkoba mara sita. Hebu geuka." Akasogeza ukosi wa gauni. Begani palikuwa na mfereji mwekundu. Akaufuata kwa chaki, mstari mmoja mfupi. "Huko uliutua mkoba saa ngapi?"

Sikudhani akautazama mkoba. Saa tatu nzima, watu wamempa nafasi, chapati, mikono, na mkoba haukugusa benchi. Akamkumbuka yule mwanamke mcheshi wa kilemba, akaona kwamba naye alikuwa na wa kwake begani, miaka ishirini baadaye, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

"Lakini nilifurahi!" akasema kwa hasira, na machozi yakamtoka. "Nilifurahi, mjomba, usiniambie sikufurahi!"

"Nani kasema hukufurahi?"

"Pengine mkoba ningeutua mwaka wa pili."

"Pengine."

"Na huko juu pengine nitachoka mpaka niwe kichaa."

"Pengine."

"Sasa kwa nini unanichagulia?"

"Mimi?" Mjomba Shomari akakaa kwenye kiti cha cherehani, amechoka. "Mimi nimekwambia mkono wako umekwenda wapi. Kazi yangu inaishia hapo. Gauni ni lako wewe, na likikubana sitakuwapo nikufumulie."

 Sikudhani alimkasirikia mjomba, akalikasirikia bega lake. Alitaka sababu kubwa, ya kuandikwa kwenye barua, na alichopewa ni viatu na mkanda. Lakini alipojipeleleza zaidi aliona kwamba kule Meza alisema mambo mazuri ambayo hakuyaamini hata moja, na alikuwa tayari kuyasema maisha yake yote ili sahani zigongwe. Na kule kwenye tangi linalovuja hakusema kitu, na kilichomjia kilikuwa chake. Hakuwa na hakika. Nakuapia hakuwa na hakika hata alipofunga mlango wa duka, na usimwamini mtu atakayekusimulia kisa hiki akakwambia alikuwa nayo. Alishuka tu, kwa sababu bega lilikuwa likimuuma na hapo kabla hakulisikia.

Mama Sauda alipomwona alielewa. Akamfungulia. Meza ilikuwa vilevile, watu wanabishana, mvuke wa chai unapanda. Yule mwanamke wa kilemba alikuwa akifuta sehemu yake kwa kitambaa.

"Umekuja kuniambia," akasema.

"Ndiyo."

"Basi niambie. Usinizungushe, najua unavyozunguka, nimeshakuwa wewe."

Sikudhani alikuwa amejiandalia maneno njiani, marefu, ya shukrani. Yote yakamkimbia. "Siji," akasema.

Mwanamke akakaa kwenye benchi. Akautua mkoba, taratibu, kama mtu anayefanya jambo ambalo hakujua linawezekana, akajisugua bega. "Nimekukosea nini?"

"Hujanikosea kitu."

"Nilikwambia nina furaha. Hukuniamini?"

"Nilikuamini. Ndiyo maana naumia hivi."

"Kwa hiyo si kwa ubaya wangu."

"Wallahi si kwa ubaya wako. Ni pazuri. Ni pazuri mno. Hapajanikaa tu."

Mwanamke akatikisa kichwa kukubali, na ungemwona ungempenda, kwa sababu hakupiga kelele wala hakumlaani mtu. Alikunja kitambaa mara mbili, akakiweka mezani, akakinyoosha kwa kiganja. Kisha akainama kidogo, akazungumza kwa sauti ya chini ili watu wa jirani wasisikie.

"Nina mtoto," akasema.

Sikudhani akashika ukingo wa meza.

"Wa miaka minne. Yuko hapa chini ya meza, anacheza na vifuniko vya soda. Akianza kucheza husahau hata kula."

Kwa upande wa chini kulisikika kweli mlio mdogo wa bati likigonga sakafu, na pumzi ya mtoto aliyeshughulika. Sikudhani hakutazama. Alikaza macho usoni kwa yule mwanamke, akayakaza mpaka yakamuuma.

"Usiniambie jina lake," akasema. "Nakuomba. Ukiniambia sitaweza."

"Sikuambii."

"Usinionyeshe."

"Sikuonyeshi. Nenda, mwanangu. Watu wanaungua na jua huko nje."

Akageuka. Hatua za kwanza zilikuwa nzito, kisha zikawa nyepesi kidogo kidogo, naye akauchukia wepesi ule. Langoni Mama Sauda alichora mstari kwenye daftari na kulifunga. Nje kivuli cha ukuta kilijikunjua, kikavuka barabara. Kutoka upande wa pili wa mji sauti ya muadhini ikainuka, hatimaye, alasiri imeingia, na watu wakapiga vigelegele majumbani mwao kama walioona mwezi. Mtu alikimbia kuelekea kwa mng'oa meno ameshika shavu, akapunga mkono, akamwita kwa jina lake lote, herufi zote tisa, "Sikudhani! Sikudhani!"

Hakuitika. Alikuwa amesimama katikati ya lango na mkono mmoja mdomoni. Kisha akarudi ndani mbio, akampita Mama Sauda, akapiga kelele mbele ya meza nzima, "Anaitwa nani?"

Watu wakageuka. Mahali pale palikuwa na benchi tupu na kitambaa kilichokunjwa mara mbili.

"Nani tena, binti?" akauliza Mama Sauda kutoka nyuma, kwa upole, wala hakuwa akijifanya hajui.

Sikudhani akapiga magoti, akachungulia chini ya meza. Vifuniko vya soda vilikuwa vimepangwa mstari, vyekundu kwa vya kijani, kwa uangalifu mkubwa. Kimoja, cha mwisho, kilikuwa bado kinazunguka. Akakaa pale sakafuni mpaka kikasimama.